Kwenda Iowa City kutazama futiboli na marafiki: panga siku nzima

Wengi wetu tuliohamia Minnesota tulikuja na mapenzi ya Simba, Yanga, Gor Mahia au Arsenal. Futiboli ya huku, ile ya helmeti na mpira uliochongoka, tuliiona kwenye televisheni za vinyozi na hatukuitilia maanani. Mimi imeniingia moyoni, na iliniingia kwa safari za gari na marafiki kuliko kwa kukaa mbele ya televisheni. Nimeulizwa sana jinsi ya kuandaa safari ya namna hiyo, kwa hiyo naandika hapa mambo ninayoyaamini kwa dhati.

Kwanza chagueni mechi yenye kisa. Mkienda kutazama mechi yoyote tu iliyo na tiketi za bei nafuu, wale wasioujua mchezo watachoka kabla ya mapumziko, maana saa hukimbia na kusimama, na mechi ya dakika 60 huchukua saa tatu na nusu hivi. Lakini mtu akijua kinachogombewa, hata asipozijua sheria atakaa ukingoni mwa kiti.

Sisi watu wa Minneapolis tuna bahati ya kuwa na Iowa kwa majirani. Chuo Kikuu cha Minnesota na Chuo Kikuu cha Iowa, kilichopo Iowa City, hugombea sanamu ya shaba ya nguruwe iitwayo Floyd of Rosedale, na kisa chake humhusu mchezaji Mweusi. Mwaka 1934 Iowa walikuwa na Ozzie Simmons, mmoja wa Weusi wachache sana waliocheza futiboli ya vyuo vikubwa enzi hizo. Katika mechi ya mwaka huo wachezaji wa Minnesota walimuumiza vibaya, wakashinda 48–12, na watu wa Iowa walibaki na hasira mwaka mzima. Mechi ya 1935 ilipokaribia, maneno yakawa makali mpaka gavana wa Iowa, Clyde Herring, akaingilia. Gavana wa Minnesota, Floyd Olson, akaona apoze mambo kwa kuweka dau: atakayeshindwa atoe nguruwe. Minnesota walishinda 13–6. Herring akampeleka nguruwe mzimamzima hadi ofisini kwa Olson, na mnyama yule akaitwa Floyd. Sanamu ilitengenezwa baadaye, na mpaka leo mshindi hukimbia nayo uwanjani.

Kisa hiki nakisimulia garini kila tukienda na mtu mgeni. Dada mmoja tuliyekwenda naye, muuguzi kutoka Bukavu, alinyamaza kidogo kisha akauliza Simmons aliishia wapi. Kuanzia hapo hakusinzia tena mpaka tunafika. Njia ni ndefu, ukitoka Minneapolis ni kama maili 300, saa tano kasoro: mnashuka na I-35, mnaingia barabara ya Waterloo na Cedar Rapids, kisha I-380 inawafikisha Iowa City. Mwezi wa Oktoba pande zote ni mahindi yanavunwa kwa mashine. Tumieni muda huo kufundishana mchezo. Mambo matatu yanatosha: timu ina nafasi nne za kusogea yadi kumi, ikishindwa kwa tatu za kwanza, kwa kawaida hutumia ya nne kuupiga mpira mbali kwa mguu, na ukiuvusha mstari wa mwisho umepata pointi sita. Mengine yatajieleza uwanjani.

Msilipie malazi kabla ya kujua saa ya mechi. Mechi hizi hupangwa Jumamosi, lakini saa yenyewe huamuliwa na televisheni, mara nyingi siku 12 kabla na wakati mwingine siku sita tu. Ya saa tano asubuhi inawalazimu kulala njiani usiku wa Ijumaa. Ya saa nane na nusu mchana inaruhusu kutoka nyumbani alfajiri. Ya usiku ina maana hamtarudi siku hiyo, na msijidanganye. Hoteli za Iowa City hupanda bei wikendi ya mechi na nyingine hazikubali mgeni wa usiku mmoja; Cedar Rapids ipo maili kama 25 tu kaskazini, na iko njiani mwenu.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu nimeona urafiki ukiingia doa kwa ajili ya mafuta ya gari. Mtu mmoja anunue tiketi zote ili mkae pamoja, na kila mtu amtumie pesa kabla hajanunua. Mafuta, maegesho na chakula viwe chango moja, likusanywe kabla ya kuondoka. Wenye leseni wapeane zamu ya kuendesha, na anayetoa gari lake asichangie mafuta. Ndugu yenu mwanafunzi asiye na uwezo mwambieni mapema kwamba wakubwa wamemlipia, mmwambie peke yake, si kwenye kundi.

Sasa chakula, maana hapa ndipo siku inapojengwa. Kabla ya mechi watu huegesha magari saa nyingi mapema, wakashusha majiko, viti na mahema, wakala na kunywa hadi milango ifunguliwe. Jirani na uwanja, kando ya Melrose Avenue, wenye nyumba hukodisha nyasi zao kwa maegesho, kwa hiyo wekeni noti mkononi. Mkitaka kuokoa pesa, egesheni katikati ya mji, mvuke mto kwa miguu mwendo wa nusu saa. Lakini basi hamna jiko, na mimi kwa maoni yangu jiko halifai kukosekana. Sisi hubeba mishkaki iliyolowekwa tangu Ijumaa, chapati zilizofungwa kwenye foili, kachumbari ambayo haijatiwa chumvi (tunaitia pale pale), na themosi mbili za chai ya tangawizi. Iowa ni nchi ya nguruwe kwelikweli, hakuna jimbo Marekani linalofuga zaidi, na kila jiko la jirani lina soseji zake. Kwa hiyo kama mna wenzenu Waislamu, jiko lenu liwe safi tangu nyumbani na nyama inunuliwe kwenye bucha la halali. Wekeni mkeka garini pia. Rafiki yetu wa Mombasa huswali adhuhuri kando ya gari huku tukimlindia nafasi, na sijaona mtu akimsumbua.

Msile kwa kujificha. Harufu ya mishkaki ina nguvu ya kuita watu, na watu wa Iowa ni wakarimu kuliko sura zao za siku ya mechi zinavyoonyesha. Tulikuwa tumevaa rangi nyekundu-kahawia ya Minnesota katikati ya umati wa nyeusi na dhahabu. Walitutania, wakatuzomea kwa kicheko, kisha mzee mmoja akaja na sahani yake kuomba mshikaki, akatuletea mahindi yaliyopakwa siagi. Wahamiaji wengi huogopa mikusanyiko hii wakidhani si yao. Nawaambia nendeni.

Mlangoni hawaruhusu begi la kawaida. Mfuko uwe wa plastiki inayoonyesha vilivyomo, usiozidi inchi 12 kwa 6 kwa 12. Tiketi zipo kwenye simu, na mtandao huelemewa watu elfu 69 wanapokusanyika, kwa hiyo zihifadhini kwenye simu mkiwa bado hoteli au njiani. Valieni nguo tabaka kwa tabaka hata kukiwa na jua. Viti vya chuma hunyonya joto la mwili.

Ingieni mapema. Nje kuna sanamu ya Nile Kinnick, ambaye uwanja unaitwa kwa jina lake: alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, mwaka 1939, akafa mwaka 1943 katika mazoezi ya urubani wa kijeshi. Sehemu ya kuchezea nayo tangu 2021 inaitwa Duke Slater Field, kwa heshima ya mchezaji Mweusi wa safu ya mbele aliyechezea Iowa kuanzia 1918 hadi 1921 na baadaye akawa jaji Chicago. Vijana mliokwenda nao waonyesheni jina hilo.

Na ninawasihi: robo ya kwanza ikikaribia kwisha, asiwepo mtu chooni wala kwenye foleni ya soda. Hospitali ya watoto ya chuo imejengwa kando ya uwanja, ndefu kuliko majukwaa, na watoto wagonjwa hutazama mechi kutoka madirishani na ghorofa ya juu. Tangu 2017, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima hugeuka na kuwapungia mkono: mashabiki wa pande zote mbili, wachezaji, waamuzi. Watoto hupunga pia, na usiku huwasha tochi. Yule dada muuguzi alipunga mikono yote miwili huku machozi yakimtoka. Kama safari nzima ingekuwa kwa ajili ya dakika ile, ningeiendesha tena.

Msiondoke mapema kukwepa foleni ya magari. Tarehe 21 Oktoba 2023 Minnesota waliongoza 12–10, pointi zao zote zikiwa za mipigo minne ya mguu kupitia milingoti, pointi tatu kila mmoja. Zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili, Cooper DeJean wa Iowa aliokota mpira uliopigwa mbali na Minnesota, akakimbia nao hadi mstari wa mwisho, na uwanja ukalipuka. Waamuzi wakarudia picha, wakaona alikuwa amepunga mkono wa kushoto kabla ya kuushika, jambo linalohesabiwa kuwa ishara ya kutokimbia nao, na kwa sheria mpira ulikuwa umekufa hapo. Pointi zikafutwa. Minnesota wakashinda Iowa City kwa mara ya kwanza tangu 1999, na waliotoka mapema kuwahi gari waliyasikia hayo redioni.

Mkimaliza, kaeni saa nzima garini mkimalizia chai, foleni ipungue. Anayeendesha usiku awe amelala vya kutosha na awe hakunywa kileo chochote, na mwenzake wa kiti cha mbele akeshe naye. Msimu huo kulungu huvuka barabara hasa magharibi na alfajiri: mkimwona mmoja punguzeni mwendo, kwa sababu nyuma yake kuna wengine, na msikwepe kwa kukata usukani ghafla. Mwaka ukiwa shufwa mechi huchezwa hapa kwetu Minneapolis, na wenzenu wa Des Moines na Cedar Rapids ndio watakaosafiri. Wapokeeni, waacheni waegeshe magari uani kwenu, kisha mpande treni ya Green Line pamoja hadi kituo cha Stadium Village.