Maswali ya Wasomaji: Reli ya Kale na Watu wa Kujitolea

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alifanya kazi reli hapa Tanga, akatuachia taa yake ya mkono yenye kioo chekundu na cha kijani, pamoja na daftari mbili za zamu. Mimi na wastaafu kadhaa tunaokutana barazani kila Jumapili tunataka kuanzisha makumbusho ya reli ya kujitolea, na ikiwezekana siku moja tuendeshe gari moshi la mvuke kwa ajili ya wageni. Je, kuna waliowahi kuliweza jambo hili, nasi tuanzie wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, wapo walioliweza. Mwaka 1951 huko Wales, reli ndogo ya Talyllyn, iliyojengwa miaka ya 1860 kubeba mawe bapa ya kuezekea nyumba, ilinusuriwa na wapenzi wa reli wasiolipwa, ikawa ya kwanza duniani kuendeshwa kwa kujitolea, na mpaka leo inachukua abiria. Nanyi mna historia ya kutosha: reli ya kwanza ya Tanzania Bara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Muheza mwaka 1896 kwa taabu, kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha hata serikali ya Kijerumani ikaichukua mwaka 1899, na Moshi ikafikiwa mwaka 1911.

Hata hivyo, nawasihi msianze na gari moshi. Boila, yaani tangi la chuma la kuchemshia maji ya mvuke, ikiliwa na kutu huweza kupasuka na kuua, ndiyo maana haiwashwi moto kabla mkaguzi hajaijaribu kwa maji baridi yenye shinikizo kubwa kuliko la kazi yake ya kawaida; tena vichwa vingi vya gari moshi vya zamani vilifunikwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi ya kuzuia joto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu, kwa hiyo asiibandue mtu asiye na ujuzi.

Anzeni na ile taa. Msiipige msasa wala kuipaka rangi mpya, kwa sababu masizi yaliyomo ndani ni ushahidi wa kazi yake. Ipigeni picha kila upande, mwiandikie ilikuwa ya nani, kisha mpake chuma chake mafuta mepesi, maana upepo wa bahari yetu una chumvi na haukawii kuleta kutu. Daftari zisikae sakafuni, ziinuliwe mbali na mchwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuona kurasa za daftari la stesheni zikifungiwa karanga sokoni, na uchungu wake ninao hadi leo.

Jihadharini pia na umiliki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, yaani miaka 30 kabla ya reli yenu, kwa hiyo vyenu haivilindi hivyo; basi hati ya maandishi kutoka kwa kila mtoaji ndiyo kinga yenu ya kwanza. Kilicholala kando ya njia msikiguse bila idhini ya Shirika la Reli Tanzania. Jengo nalo si la haraka. Kabati moja katika makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani, wakiwakubalia, latosha kwa kuanzia.

Wasioweza kungoja ni wazee. Jumapili hii mpe mmoja wao taa hiyo, umwombe akuonyeshe alivyoipunga usiku kumsimamisha dereva, na uandike alikuwa stesheni gani.