Maswali ya Wasomaji: Udi Unaonata na Marashi Yaliyochafuka

SWALI: Napika udi wa sukari kwa ajili ya harusi. Wateja wanalalamika kuwa ukitiwa kwenye chetezo unanuka sukari iliyoungua, na masika yakiingia vipande vinashikana koponi. Nakosea wapi?
Mama S., Isevya, Tabora

JIBU: Mama S., kwanza tazama kipimo. Robo kilo ya vipande vya udi inatosheka na gramu 100 za sukari pamoja na nusu kikombe cha marashi ya waridi. Wengi huzidisha sukari kwa kuwa udi ni ghali, na mfukizaji huishia kununua moshi wa sukari.

Pika sukari na marashi hayo kwa moto mdogo mpaka iwe shira. Dondosha tone kwenye maji baridi: likijikusanya kama gololi imara, epua papo hapo. Ukiepua kabla, maji hubaki ndani na udi hunata. Ukichelewa hadi shira iwe kahawia, harufu ya kuungua haiondoki tena. Mimina vipande vya udi, geuza, kisha unga wa sandali vijiko vinne. Miski na mafuta ya udi yangoje mpaka sufuria ishikike kwa mkono, kwani kwenye moto harufu yake huruka yote. Anika kivulini siku tatu, hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana. Sukari huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo kopo lililolegea halifai masika.

Mwambie na mteja: kaa liwake lote, lifunikwe jivu jembamba, ndipo udi uwekwe. Kaa jekundu tupu huunguza hata udi uliopikwa vizuri.

SWALI: Binti zangu wanasema manukato ya bibi yao ni mazito. Nimechanganya mafuta ya udi, karafuu na mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) kwenye spiriti ya dukani ili wajipulizie. Imegeuka nyeupe kama maji ya mchele, mafuta yametuama chini.
Bi. H., Ujiji

JIBU: Bi. H., mise ndiyo iliyotuama, maana mafuta ya kupikia na ya nywele hayayeyuki kwenye spiriti. Weupe umetokana na maji: spiriti ya vidonda kwa kawaida ni alkoholi ya asilimia 70, nayo marashi yanataka ethanoli, yaani alkoholi, ya asilimia 95 au 96. Tena spiriti ya kuwashia moto usiiguse kabisa. Huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na inayopita hata kwenye ngozi.

Vijana hawaukatai udi, wanakataa wingi wake. Jaribu mililita 100 hivi: sandali 5, chungwa 4, udi 1, asumini nusu, karafuu nusu, na ethanoli 89. Pima kwa bomba la sindano, si kwa matone, kwani tone la udi mzito na tone la chungwa hayalingani. Karafuu isizidi hapo, inawasha ngozi. Usibadilishe chungwa kwa mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa ganda: ngozi ikipigwa na jua huungua na kuacha mabaka.

Changanya mafuta peke yake, yalale siku mbili, kisha tia ethanoli mbali na moto wowote. Weka kwenye chupa nyeusi wiki nne. Siku ya mwisho iingize kwenye friji usiku kucha, uchuje asubuhi kwa karatasi ya kahawa kabla haijapata joto. Ukionja harufu siku ya kwanza utaona ethanoli inakuchoma pua na utadhani umeharibu. Vumilia.

Mise usiitupe. Yeyusha gramu 20 za nta ya nyuki wa Tabora na gramu 60 za mise ndani ya bakuli lililo juu ya maji moto. Kingo zikianza kuganda, tia mililita 4 za mchanganyiko wa mafuta, usio na ethanoli, umimine vikoponi yawe marashi ya kupaka. Joto la Oktoba likiyalegeza, ongeza nta gramu 5. Ila kama kokwa zilikaangwa, harufu ya moshi itafunika asumini yote.

SWALI: Naweza kupulizia kanzu nyeupe?
Msomaji, Urambo

JIBU: Mafuta ya udi huacha doa la manjano. Kanzu itandaze juu ya tenga, chetezo chini, dakika kumi.