Kamera kuukuu, mbega wa Diani na fangasi kwenye lenzi

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni kijana wa Likoni, nimeweka pesa kidogokidogo zimefika elfu 40 na nataka kuanza kupiga picha za wanyama, hasa mbega wa Diani na ndege. Kuna mtu ananiuzia Canon 7D na kile kilenzi kidogo cha 18-55. Marafiki wananicheka eti kamera ya 2009, bora nisubiri nijaze pesa ya mpya. Nisubiri?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usisubiri, ukisubiri hao mbega watapata wajukuu na wewe bado wahesabu noti. 7D ni ya 2009 kweli, lakini inapiga picha 8 kwa sekunde na ina megapikseli 18, hizo unachapisha ukubwa wa A3 ikatoka safi kabisa, sasa sijui hao marafiki wanataka kubandika mabango ya barabarani ama vipi. Udhaifu wake ni kizani. Ukipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, kupita 1600 chenga zinaanza kuonekana kwenye picha, na mbega ni mweusi alafu anapenda kukaa ndani ya majani, kwahivyo nenda asubuhi jua likishapenya pembeni ya miti, saa moja na nusu hivi, na umfuate yule aliyekaa kwenye mwanga, wa kivulini muache.

Tatizo lako hasa ni hicho kilenzi. Namba hizo ni milimita, ikiwa kubwa ndio inavuta karibu, na kwa 18-55 mbega atatoka kama tone la wino juu ya mti. Mwambie muuzaji abaki nacho akupunguzie bei, alafu tafuta 55-250 yenye kituliza mtikisiko, nayo mitumba ipo. Sensa ya 7D, kile kibapa cha ndani kinachonasa picha, ni ndogo kwahivyo unazidisha mara 1.6, yaani hiyo 250 inakuvutia kama 400 ya kamera yenye sensa kubwa. Baadaye ukipata pesa kuna lenzi ya 400 f/5.6 ya Canon (hiyo f ni upana wa tundu la mwanga), ya tangu 1993, kali mpaka leo na kwa ndege wanaoruka mimi naipenda kuliko zumu nyingi, zile lenzi za kuvuta na kurudisha, ila haina kituliza mtikisiko, shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kufunga, usishushe chini ya 1/800 ya sekunde kama huna pa kuegemea. Pa kuegemea hata kimfuko cha kunde juu ya dirisha la gari chatosha.

Sasa hapa sikiliza vizuri maana ndipo watu wa Mombasa tunapoliwa. Kabla hujatoa hata shilingi, toa vifuniko vya lenzi mbele na nyuma, washa tochi ya simu upande mmoja uchungulie upande wa pili. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui hiyo ni fangasi, rudisha, usikubali kuambiwa "ni vumbi tu hilo". Yangu mwenyewe niliiua hivyo, niliiacha ndani ya mkoba wa ngozi kabatini masika yote, kuja kufungua bustani imeota ndani ya kioo. Unyevu wetu huu pamoja na giza la kabati ndio fangasi wanataka. Weka vifaa kwenye kontena la plastiki linalofunga kabisa pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu. Kuna wanaoweka mchele, mchele una vumbi, wacha uende kwa pilau. Na ukitoka ufukweni futa chumvi siku hiyohiyo.

Jengine, 7D haitumii memori kadi hizi ndogo za kawaida, inataka CompactFlash, na madukani sikuizi hazipatikani ovyo. Mwambie akupe na kadi zake.

Mazoezi anza na kunguru, Mombasa tunao wa kumwaga na hawana kiingilio. Ukiweza kumpata kunguru akiruka na macho yake yakatoka makali pichani, hapo lipa kiingilio uende Shimba Hills ukawatafute palahala, wale swala wenye pembe ndefu.

SWALI: Nimenunua lenzi ya zamani ya Nikon, AF 300 f/4, lakini kwenye kamera yangu ya D3200 haifokasi yenyewe kabisa, nazungusha mpaka mkono wauma. Imekufa? Dada wa Mtwapa.

JIBU: Haijafa dada yangu. Lenzi hizo za zamani zinazungushwa na mota iliyo ndani ya kamera, na D3200 haina mota hiyo. D7000 ya 2010 inayo, pia D300 ya 2007. Kwasasa fokasi kwa mkono, angalia kitone cha kijani chini ndani ya kitundu cha kuchungulia, kikitulia piga. Kwa yangeyange aliyesimama kwenye matope ya mkoko utapata picha nzuri tu, kwa mdiria anayepiga mbizi utalia. Na kama muuzaji alikuapia kwamba itafokasi yenyewe kwenye kamera yako, mrudie akupunguzie kitu.