Maswali ya Wasomaji: Kiendeshi cha DVD kwa Kompyuta Ndogo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Tanga. Mwaka jana wanangu walininunulia kompyuta mpakato ya inchi 11, nyepesi kiasi cha kuingia kwenye kikapu cha sokoni, lakini haina mahali pa kuingizia CD. Ninazo CD kama 30 za taarabu na kaswida, DVD 4 za harusi za watoto wangu, na CD moja niliyopewa hospitali yenye picha za CT-Scan ya mgongo, ambazo daktari anataka kuziona tena. Dukani nilionyeshwa viendeshi vya nje vya aina tano, vile wanavyoviita DVD raita, na muuzaji akanihimiza nichukue chenye spidi kubwa zaidi. Je, nichague kwa kigezo gani?

JIBU: Shikamoo Mama Mwalimu. Spidi iliyoandikwa kwenye boksi iwe jambo la mwisho kuliangalia, kwa sababu karibu viendeshi vyote vyembamba vya nje vinalingana: CD husomwa kwa kasi ya 24x na DVD kwa 8x. Kasi hiyo ya DVD ni sawa na megabaiti 11 hivi kwa sekunde, ilhali tundu la USB 2.0, lile la kizamani, limeundwa kupitisha hadi megabaiti 60 kwa sekunde. Kwa hiyo muuzaji anayekuambia kwamba kiendeshi cha USB 3.0 kitasoma DVD zako haraka kuliko cha USB 2.0 anakuuzia maandishi ya boksi.

Kinachoamua ni umeme. Kiendeshi chembamba cha nje hakina waya wake wa kwenda ukutani. Mota inayozungusha diski na leza inayoisoma vyote hunyonya umeme kwenye waya uleule wa USB unaopitisha mafaili. Kwa mujibu wa vipimo vya USB, tundu la 2.0 linawajibika kutoa miliampea 500 tu na la 3.0 miliampea 900, lakini ukikigeuza kiendeshi na kusoma kibandiko chake cha chini, mara nyingi utakuta kimeandikwa volti 5 na ampea 1 (yaani miliampea 1,000) au zaidi. Pengo hilo huonekana hasa pale mota inapoanza kuzunguka na pale diski inapochomwa, yaani inaporekodiwa. Kompyuta nyingi za mezani huwa na umeme wa ziada wa kutoa, lakini hizi ndogo, zilizoundwa ili betri idumu, aghalabu hutoa kile kilichoandikwa na si zaidi.

Yalinikuta mwenyewe. Nilinunua kiendeshi katika duka moja la Kariakoo, kikajaribiwa mbele yangu kwenye kompyuta ya mezani ya dukani, kikafanya kazi bila kasoro. Nilipofika nyumbani nikakichomeka kwenye kompyuta yangu ndogo, taa ikawaka, mota ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena, ikatoa sauti ya tiki-tiki-tiki kama saa ya ukutani, kisha skrini ikaniambia niingize diski, na diski imo ndani. Nilidhani nimeuziwa kibovu. Siku ya pili nilikichomeka tundu la upande wa pili, lenye ulimi wa buluu ndani, kikasoma. Rangi hiyo ya buluu kwa kawaida ndiyo alama ya USB 3.0, na hapo ndipo toleo hilo lina maana kwako: si kwa ajili ya kasi, ni kwa ajili ya zile miliampea 400 za nyongeza.

Kwa sababu hiyo, nenda dukani na kompyuta yako mwenyewe pamoja na DVD ya harusi iliyochakaa kuliko zote, na usikubali kujaribiwa kwa diski mpya ya muuzaji. Chomoa chaja ili kompyuta itumie betri. Fungua DVD kama unavyofungua folda ya kawaida, ingia kwenye folda iitwayo VIDEO_TS, tafuta yale mafaili makubwa yanayokaribia gigabaiti 1 kila moja, kisha unakili lile la mwisho kwenye orodha. Diski huandikwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hiyo faili hilo kwa kawaida ndilo lililo karibu zaidi na ukingo, mahali ambapo vumbi, alama za vidole na mtikisiko wa diski huonekana zaidi. Kiendeshi kikilimaliza bila kukwama, kikitumia umeme wa betri peke yake, unaweza kutoa pesa.

Utazame na waya. Vipo viendeshi ambavyo waya wake umeungwa moja kwa moja na hujificha chini kwenye mfereji. Vinapendeza machoni, lakini waya huo ni mfupi na hukatika shingoni, na ukikatika kiendeshi kizima kimekwenda. Mimi ningechukua chenye waya unaochomoka pande zote mbili, wa aina inayopatikana kwa fundi yeyote. Ukikipata chenye waya wa vichwa viwili vya USB, hicho kimefikiriwa kwa ajili ya kompyuta kama yako, maana kichwa cha pili huchota umeme kwenye tundu la pili, ingawa itabidi uchomoe kipanya wakati unafanya kazi. Kama kompyuta yako ina tundu la USB-C tu, na ndilo hilohilo linalochajia, hakikisha kigawio cha matundu (hub) utakachokinunua kinapitisha chaja. Kigawio cha bei rahisi kisicho na umeme wake kitakurudisha kwenye tiki-tiki-tiki.

Kimoja kati ya hivyo vitano huenda kilikuwa cha Apple, cha rangi ya fedha, kisicho na trei bali mwanya wa kupenyezea diski. Hicho kilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Mac, na ukikichomeka kwenye kompyuta ya Windows usishangae kikikaa kimya. Hata mbali na hilo, mimi napendelea chenye trei: trei ikigoma kutoka, upo upenyo mdogo mbele unaoingiza klipu ya karatasi iliyonyooshwa, ukasukuma taratibu, ikatoka. Cha mwanya kikimeza diski na kukataa kuitema, ni kazi ya bisibisi. Vya Blu-ray navyo viache. Diski zake huchukua gigabaiti 25 na kuendelea, lakini wewe huna hata moja.

Ukishakinunua, kuna mambo matatu ambayo watu hukilaumia kiendeshi bure. Kwanza, tangu Windows 8, kompyuta haiji tena na uwezo wake yenyewe wa kuonyesha filamu za DVD. Weka programu ya VLC, ambayo ni ya bure, na harusi zitaonekana. Pili, ukifungua CD ya taarabu utaona orodha ya mafaili yenye mkia wa .cda, kila moja likiwa na kilobaiti 1. Hizo si nyimbo, ni vibao tu vinavyoelekeza wimbo unapoanzia kwenye diski, na wengi wamejaza flashi kwa vibao hivyo wakaenda kusherehekea, spika ikanyamaza mbele ya wageni. Nyimbo zenyewe hutolewa kwa programu, na Windows Media Player inaweza kazi hiyo: weka CD, kisha uchague amri ya kuinakili kuwa MP3. Tatu, DVD isiyosomeka kokote isipokuwa kwenye mashine iliyoirekodi huenda haikufungwa (finalize) na mpiga video alipomaliza kuirekodi. Iliyobaki namna hiyo hurudishwa kwenye mashine ya aina ileile ili ifungwe.

Pia pima nafasi. Kompyuta nyingi za ukubwa huo huuzwa na hifadhi ya gigabaiti 32 au 64, na Windows peke yake hula sehemu kubwa yake. DVD moja ya kawaida ina gigabaiti 4.7, kwa hiyo harusi nne zinaweza kukaribia 19. Ziweke kwenye hard disk ya nje au flashi kubwa, na nakala ya pili iwe kwa mmoja wa wanao. Ile CD ya hospitali inakili nzima, folda zote na faili liitwalo DICOMDIR, bila kubadilisha jina lolote, maana programu ya daktari huyatafuta mafaili kwa majina yaleyale. Na CD yenyewe uende nayo kliniki pia.

Diski zilizochafuka zifute kwa kitambaa laini kuanzia kwenye tundu la katikati kwenda nje, mstari mnyoofu, wala si kwa kuzungusha, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko hufunika data nyingi mfululizo na kiendeshi hushindwa kuifidia. Upande wa maandishi wa CD, ambao watu huuona mgumu, ndio dhaifu: tabaka la data limekaa karibu na ngozi hiyo, chini ya rangi tu, na kucha au kalamu ngumu inaweza kulitoboa. Katika DVD tabaka hilo limebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki, kwa hiyo lina nafuu kidogo.

Nikuambie na hili, ijapokuwa muuzaji hatalipenda: kazi yote uliyoitaja ni ya siku mbili. Kama yupo jirani au shule yako ya zamani yenye kompyuta ya mezani inayosoma DVD, omba uazimwe mwisho wa wiki, kisha pesa ya kiendeshi uinunulie hard disk ya nje.

SWALI: Dada yangu aliye London alinitumia DVD halisi za filamu, si za kuchoma. Kiendeshi changu cha nje kinazikataa, kinadai eneo si sahihi, ila DVD ninazonunua hapa Mombasa kinazisoma. Fundi ameniambia nibonyeze kitufe cha kubadilisha eneo. Je, kuna madhara? — Msomaji wa Mombasa

JIBU: Yapo, usibonyeze kwanza. Kampuni za filamu ziligawa dunia katika maeneo yenye namba: Uingereza imo katika eneo la 2, pamoja na nchi za Ghuba, ilhali Kenya na sehemu kubwa ya Afrika zimo katika eneo la 5. Kiendeshi cha kompyuta hukuruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu, na baada ya hapo hubaki palepale ulipokiacha, hata ukiweka Windows upya au ukikihamishia kwenye kompyuta nyingine, kwa kuwa hesabu hiyo imeandikwa ndani ya kiendeshi chenyewe. Jaribu kwanza kuzifungua kwa VLC, ambayo kwa baadhi ya viendeshi husoma bila kujali eneo. Ikishindikana, na kama dada ataendelea kukutumia, nunua kiendeshi cha pili ukiache kwenye eneo la 2 siku zote. Filamu za harusi na mahafali zilizochomwa na wapiga video wetu kwa kawaida hazina kifungo hicho.

SWALI: Kompyuta yangu kubwa ya zamani imekufa, lakini sehemu yake ya DVD ni nzima. Fundi anataka kuichomoa aiweke kwenye boksi la USB. Je, ninaibiwa? — Msomaji wa Morogoro

JIBU: Huibiwi; viendeshi vya ndani vya zamani mara nyingi ni imara kuliko vipya vya bei ya chini. Hakikisha mambo mawili kabla boksi halijanunuliwa. Unene wa kiendeshi ni ama milimita 12.7 ama 9.5, na boksi la kimoja halikai sawasawa na kingine. Na kiunganishi cha nyuma kiwe cha SATA, chenye vijino bapa vilivyogawanyika sehemu mbili, ndefu na fupi; mashine nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na IDE, kiunganishi cha kizamani ambacho maboksi yake ya USB yamekuwa adimu. Kile kibao cha plastiki cha mbele, kilichopindwa kufuata umbo la kompyuta yako iliyokufa, huenda kikazuia trei kufunga kwenye boksi jipya. Hung'olewa kwa bisibisi ndogo, na boksi nyingi huja na kibao chake bapa, kwa hiyo mwombe fundi akikague kabla hajatupa karatasi za kufungia boksi.