Kabla ya Kununua Mfumo Mpya, Bandueni Ile Plasta

Nikiingia kliniki yoyote, kwanza nainua kibodi ya mapokezi. Mara nyingi chini yake pana kipande cha plasta, ile nyeupe ya kufungia vidonda, kimeandikwa nywila kwa kalamu. Nywila moja, watu sita.

Ubaya wake niliuonja mwenyewe. Nilipokuwa nasimamia rekodi katika kliniki moja huku Pwani, alikuja mama mmoja akilia kwamba jirani yake anayajua majibu yake ya maabara. Tukaangalia kwenye mfumo ni nani aliyefungua faili lake. Likatoka jina la nesi, saa tatu usiku. Nesi mwenyewe alikuwa likizo ya uzazi, wiki ya pili! Kumbe wote walikuwa wakiingia kwa jina lake kwa kuwa nywila yake ilikuwa rahisi kukumbuka. Mpaka leo sijui nani alifungua, na yule mama sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa hiyo kila mtu awe na jina lake na nywila yake, hata yule daktari wa kushikilia zamu ya Jumamosi. Akiacha kazi, jina lifungwe siku hiyo hiyo.

Kwa hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Wenye kliniki ndogo hudhani hawaguswi. Wanaguswa: kanuni za 2021 huwasamehe wafanyabiashara wadogo wasijiandikishe kwa Kamishna wa Data, lakini anayetibu watu hayumo katika msamaha huo. Na data zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mgonjwa, una saa 72 za kumwarifu Kamishna tangu ulipojua. Ukigundua Ijumaa jioni, Jumatatu jioni zimekwisha, na hapo katikati meneja yuko harusini, simu imezimwa. Amueni mapema nani atapiga ripoti asipopatikana yeye.

Sasa kuna ugonjwa wa pili, na huu niliuleta mimi. Baada ya kuwatisha wafanyakazi kwa mafunzo ya siku nzima, walianza kumnyima kila mtu kila kitu. Mzee mmoja alipewa rufaa, akaomba picha yake ya eksirei aende nayo. Akaambiwa "sheria ya data hairuhusu". Alikokwenda akapigwa nyingine, akailipia upya. Sheria haikusema ufunge kabati kisha umeze ufunguo. Mgonjwa akiomba taarifa zake mwenyewe, kanuni zinakupa siku saba umpe. Nayo Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 ililetwa ili mifumo izungumze na faili limfuate mgonjwa. Ukimnyima mwenyewe haki yake, umekosa vile vile kama aliyempa jirani.

Aliyewauzia mfumo naye msimwache hivi hivi. Mkataba useme data zinakaa wapi, na siku mkiachana naye mtazipata vipi.

Mafunzo ya slaidi nimeyaacha. Siku hizi napiga simu mapokezi nikijifanya mwajiri: "Dada, kijana wangu wa kazi alikuja hapo jana, ni kweli anaumwa?" Mara ya kwanza binti alinijibu kwa ukarimu wote, "Ngoja nikuangalilie, bosi." Tukakaa naye, tukatunga jibu: "Siwezi kusema kama mtu huyo alifika hapa. Aje mwenyewe, au alete idhini yake kwa maandishi." Akalirudia mpaka likamtoka bila kuomba radhi.

Wiki tatu baadaye nikapiga tena, nimeikaza sauti kama askari. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Sauti nimeijua," akasema, "na hata nisingeijua, jibu ni lile lile."