Kabla Hujashika Panga City Park

Miaka sita iliyopita niling'oa miche kumi na kitu ya muhugu kwa mikono yangu mwenyewe, nikaitupa kwenye lundo la magugu, nikajifuta jasho nikiwa nimeridhika kabisa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijitolea City Park, bustani yenye msitu hapa Nairobi, na karibu kila ninachowaambia watu wanaotaka kuitunza bustani ya mtaa wao kinatokana na asubuhi ile.

Ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa zaidi ya watu arobaini, majirani wa Parklands, Ngara na Pangani, pamoja na wafanyakazi wa kampuni moja waliokuja na fulana mpya na mpiga picha wao. Tulionyeshwa kona ya msitu iliyosongwa na lantana, kichaka cha kigeni kinachovamia misitu, tukaivamia kwa mapanga na mafyekeo. Kufikia saa sita mchana kona nzima ilikuwa peupe. Tukapiga picha, tukanywa soda, tukaenda zetu.

Mimi nilichelewa kuondoka kwa sababu nilikuwa nakusanya glavu. Mzee mmoja, mtunza bustani aliyefanya kazi pale miaka mingi, alikuwa amesimama kando ya lundo letu. Aliinama, akachomoa kimche kisichozidi urefu wa kiganja, akakigeuza jani. Upande wa juu ulikuwa kijani kibichi, upande wa chini umefifia kama uliopakwa majivu.

"Mwanangu, huu ni muhugu," akaniambia. "Huu haukuwa gugu."

"Pole sana, Mzee. Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana nakuonyesha."

Muhugu ndio mti ambao wachongaji wa Ukambani wamekuwa wakiutafuta kwa vinyago vyao, mbao yake ngumu na nzuri mno. Hukua polepole kupita kiasi. Mbegu zake nyingi huwa mapepe, na nyingine huliwa na wadudu kabla hazijaota, kwa hiyo kuzipata mbegu nzima ni kazi, na kuziotesha kitaluni ni kazi nyingine. Mche wa muhugu uliojiotea chini ya mama yake ni mali. Siku ile sisi tuliokuja kuuokoa msitu tulimaliza kizazi cha miaka kadhaa kwa saa tatu.

Mvua za masika ziliposhuka, udongo wa ile kona ukateremka na maji kwa sababu hapakuwa na jani la kuushika. Baada ya wiki sita nilirudi nikaikuta lantana imechipuka kila kisiki. Tulikuwa tumeikata tu, hatukuing'oa. Na kwa kuwa tuliliachia jua lifike chini, mbegu zilizokuwa zimelala udongoni nazo zikaamka.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni kwamba miezi miwili ya mwanzo usikate kitu. Tembea. Mtafute mtu anayeijua bustani yenu, awe mtunza bustani, mwalimu wa biolojia au mama anayechuma mboga za kienyeji pembeni, umfuate nyuma na daftari. Jifunze mimea kumi tu, lakini uijue hadi gizani. Lantana shina lake lina pembe nne na vimiiba, na ukisugua jani linatoa harufu kali inayobaki vidoleni. Mukinduri, mti mwingine wa kiasili, nao jani lake ni jeupe chini kama la muhugu, hivyo rangi pekee haitoshi. Majani yake yanapozeeka hugeuka rangi ya machungwa kabla ya kudondoka, ukiyaona yametapakaa chini unajua mti mama uko juu ya kichwa chako. Sisi sasa tunafunga utepe mwekundu kwenye kila mche wa kiasili kabla ya kazi kuanza, na mgeni yeyote anaambiwa: penye utepe, pumzisha mkono.

Pili, fanya kidogo. Tunachukua ukanda wa hatua tano kwa kumi, basi. Tunakata matawi, kisha tunachimbua shina kwa jembe uma mpaka lile fundo la mizizi litoke zima, kwa sababu ukiliacha litachipuka. Udongo ukiwa na unyevu kazi huwa nyepesi nusu. Matawi yasiyo na matunda tunayatandaza palepale kuufunika udongo. Yenye matunda tunayatenga, maana ndege wakiyala watazipanda mbegu upya msitu mzima. Na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu baada ya wiki sita lazima urudi kung'oa machipukizi, halafu tena baada ya wiki sita nyingine, na mwaka unaofuata vilevile. Ukanda mmoja uliorudiwa mara nane ni msitu unaorudi. Heka nzima iliyofyekwa mara moja ni lantana ya mwaka ujao.

Kwa hiyo kampuni zinazotaka kuleta watu mia siku moja tunaziambia kwa heshima: leteni kumi, lakini mara nne kwa mwaka. Nyingine hazirudi. Moja ilirudi, na vijana wake wawili leo ndio wanaoshika daftari letu.

City Park si kipande cha msitu tu. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa Kenya, aliyefariki 1990, amezikwa pale na mkewe Sheila, kwa kuwa alitaka kulala karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi Februari 1965. Mimi nilisoma shule Nairobi, nikamaliza, nikaajiriwa, na sikujua kwamba Pinto yuko mwendo wa dakika chache kutoka kituo nilichopandia matatu kila siku. Siku niliyosimama mbele ya kaburi lake nilijua sitaacha kazi hii.

Lakini mapenzi yanaweza kuharibu. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye moyo safi kabisa, alikuja siku moja na blichi na brashi ya waya ili ayasafishe mawe ya zamani yang'ae. Tulimuwahi kabla hajaanza. Brashi ya waya hukwangua uso wa jiwe na kuacha mikwaruzo ambamo maji na kuvu hujificha. Blichi huacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi hiyo hulimumunyua kidogo kidogo kwa miaka. Jiwe la kihistoria husafishwa kwa maji matupu na brashi laini, tena kama kuna haja. Vivyo hivyo nyufa za kuta kuukuu: usikimbilie kuziba kwa saruji. Kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa chokaa, ambayo hupumua. Saruji mara nyingi huwa ngumu kuliko jiwe lenyewe, huyafungia maji ndani, na siku moja uso mzima wa jiwe hubanduka. Kama hujui, weka alama, piga picha, muulize fundi anayejua.

Tena hapa si suala la kujua tu, ni sheria. Sehemu ya City Park ya takriban hekta 60 ilitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali mwaka 2009 kuwa turathi ya taifa, chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006. Kaunti ndiyo inayoisimamia bustani, na Makumbusho ya Taifa wana neno juu ya kila kinachoguswa. Sisi tulianza kwa barua za kuomba ruhusa, wala hatuoni aibu kusema barua zilituchosha. Ila kikundi kilichoingia na barua mkononi hakifukuzwi, na siku kuna jambo la kulalamikia kinasikilizwa. Usianze peke yako kama tayari kuna waliotangulia. City Park ina kikundi cha Friends of City Park, walio pamoja na shirika la uhifadhi la Nature Kenya, na wengi wetu tulijifunza mengi kwa kuwafuata wao.

Weka kumbukumbu. Hili ndilo watu hulipuuza zaidi, na ndilo ninalolilia zaidi. Chagua sehemu nne au tano, simama palepale kila mwezi, piga picha ukielekea upande uleule, andika tarehe. Uzio ukisogea hatua tatu, picha zitasema. Nairobi hii bustani zake zimebaki kwa sababu kuna watu walioona mapema wakapaza sauti. Wangari Maathai mwaka 1989 alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe Uhuru Park, akatukanwa hadharani, na jengo halikujengwa. Jeevanjee Gardens, bustani ambayo mfanyabiashara A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa mji huu, nayo ilitaka kugeuzwa maegesho ya magari mwaka 1991, na aliyeongoza vita vya kuitetea ni mjukuu wake Zarina Patel. Hao walikuwa na ushahidi wao mkononi. Wewe una simu; itumie.

Kuhusu kima, ambao wengi huwaita tumbili: usiwalishe, na wageni waombe kwa upole wasiwalishe. Kima aliyezoea ndizi za mkononi humrukia mtoto aliyeshika ndizi, kisha lawama humwangukia kima. Najua wauzaji wa karanga langoni wana watoto wa kulisha, kwa hiyo tumezungumza nao wawauzie watu karanga za kula wenyewe. Wengine wamekubali, wengine bado.

Salimia watu. Yule kijana anayelala mchana kwenye nyasi, wale akina mama wa maombi, wapiga picha wa harusi, wote walikuwepo kabla yako na watakuwepo wiki ambayo wewe hukuja. Mama mmoja wa maombi ndiye aliyetupigia simu alipoona watu wakishusha kifusi usiku. Tulikuwa tumemsalimia tu kila Jumamosi, "Shikamoo mama," akatupatia kiti, tukaongea. Hakuna mlinzi tungeweza kumlipa afanye hivyo.

Na uwe tayari kwa takataka zisizo zako. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, na mpaka leo nikichimba shina la lantana naitoa imejikunja kati ya mizizi, maandishi ya duka bado yanasomeka.

Ile kona yetu ya kwanza tunairudia hadi leo. Wakati ule, baada ya watu kuondoka, mimi na Mzee tulilipekua lile lundo, tukapata miche mitatu ya muhugu ambayo mizizi yake haikuwa imekauka. Tukaifukia kivulini, tukaimwagilia kwa chupa ya maji ya kunywa. Miwili ilikufa. Mmoja uko pale, sasa unanifika kiunoni, na bado una utepe. Mzee amestaafu, lakini hupita mara mojamoja kuutazama. Mvua za vuli zikianza tutapanda mingine ishirini karibu nao. Tulipewa sitini, tukakataa arobaini, kwa sababu mitungi tuliyo nayo na watu tulio nao kiangazi cha Januari wanaweza kumwagilia ishirini.