Ubao wa mtandaoni au tuonane? Kwanza niambie nani anaongea wa kwanza

Juzi rafiki yangu mmoja, kafungua kiofisi chake pale Sinza ana vijana watano, kanipigia analalamika, hivi nyie mkitaka kubungua bongo mnafanyaje, maana mi nikiwaita ofisini wanafika saa tano wamechoka na foleni, nikiwaweka Zoom wanazima kamera sijui wanalala sijui wanafua, hamna anayetoa wazo. Nikamwambia shosti subiri nitakuandikia, jibu langu ni refu na nimelipata kwa machungu.

Timu yetu tuko saba, tunatengeneza matangazo ya redio, vipeperushi, video fupi fupi za kampeni, kazi ambayo bila mawazo huli. Mi nakaa Mbezi Mwisho, ofisi iko Mikocheni, mwenzangu mmoja anatokea Kigamboni kwa hiyo kuna habari za panton, yaani kivuko, mwingine Mbagala, mwingine kaolewa Arusha kaondoka na kazi yake. Ukisema tukutane saa mbili asubuhi kwenye hii Dar, na usiku mvua imenyesha, ujue umewaambia watu waamke saa kumi. Kuna siku nilitumia masaa mawili na nusu kutoka nyumbani, Ubungo tumesimama, Mwenge tumesimama, nafika kichwa kinagonga naulizwa haya dada una wazo gani, wazo nililokuwa nalo ni chai tu.

Kwa hiyo mwaka 2020 wateja wetu wa nje walipofungiwa ndani na corona, huku kwetu ofisi wazi na daladala barabarani, wakatuletea hizi mbao za mtandaoni, Miro, Mural, na ile Jamboard ya Google, tulizipokea kama mvua ya vuli. Yaani unakaa kwako na kanga yako unabandika vikaratasi vya njano kwenye skrini. (Jamboard yenyewe haipo tena, Google waliifunga tarehe 31 Desemba 2024, na walitangaza mapema kabisa, lakini sisi kwa uvivu wetu kuna mbao hatukuzihifadhi mpaka leo tunazililia. Hifadhini kazi zenu jamani.)

Siku ya kwanza ilikuwa vichekesho. Mishale ya watu inakimbia kwenye skrini kama kuku wamefunguliwa banda, mmoja kafuta vikaratasi vya wenzake vyote, mwenzetu wa Mbagala laptopu yake imekufa anatumia simu, kwake ubao mzima unaonekana kama mchele umemwagika, kila akitaka kukuza aone ameandika nani anausogeza mzima unapotea. Halafu bando. Ubao una mapicha, Zoom iko juu yake na kamera zimewashwa, nusu saa tu mtu anaandika kwenye grupu la WhatsApp "bando limekata naenda dukani". Akirudi tumeshahama hoja.

Basi tukasema hapana, mambo ya mtandao tuachane nayo, turudi kuonana ana kwa ana kama binadamu. Na hapo ndipo nilipojifunza kitu chenyewe.

Tulipata kazi ya kampeni ya gesi ya kupikia. Unajua serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, kwa hiyo kazi za namna hiyo zimekuwa nyingi kidogo. Tukakaa ofisini wote, vitumbua mezani, feni linazunguka. Mzee wetu, ndio mkuu wa timu, mtu wa redio wa siku nyingi na mi namheshimu sana, akafungua kikao akasema jamani mi naona tatizo watu wanaogopa gesi italipuka, tutengeneze tangazo la kuwatoa hofu. Sawa. Zikafuata dakika arobaini, na ninakuapia kila aliyefungua mdomo alikuwa anaongezea chumvi kwenye wazo la mzee. Mmoja tangazo liwe na daktari, mwingine liwe na zimamoto, mwingine liwe na wimbo. Ubao mweupe umejaa, tumepiga picha, tumepongezana.

Jioni napanda bajaji na bwana mdogo mmoja aliyekuwa kwetu fildi, mwanafunzi wa chuo, kikao kizima hakusema neno zaidi ya shikamoo. Njiani kimya kimya ananiambia, dada, mama yangu ana mtungi wa gesi ndani, haogopi kulipuka wala nini, umekaa uvunguni mtupu huu mwezi wa tatu sasa, kwa sababu mkaa anaupata wa kopo kwa hela ya leo, gesi inamtaka hela ya mwezi mzima kwa mkupuo.

Nilikaa kimya mpaka Mwenge. Yaani watu saba tumekaa dakika arobaini tunatafuta namna ya kuwatoa watu hofu ambayo hawana, na mwenye jibu alikuwa amekaa karibu na feni anakula kitumbua. Nikamuuliza mbona hukusema, akanijibu kwa mshangao kabisa, "Dada, mzee alikuwa ameshaongea."

Ndo hapo. Wewe umemwamkia mtu shikamoo saa mbili asubuhi kakuitikia marahaba, saa mbili na nusu unaanzaje kumwambia mzee hapo umekosea? Na si kwamba mzee ni mkali, wala, ni mtu wa watu. Ni sisi tulivyolelewa. Mkubwa akishasema, sie wengine tunajenga ukuta juu ya msingi wake hata kama msingi uko kwenye bonde la maji.

Baadaye nilivyosoma soma nikakuta kumbe hata wenzetu wasio na shikamoo wana ugonjwa unaofanana na huu. Huu utaratibu wa kukaa kundi na kumwaga mawazo bila kukosoana aliutangaza Alex Osborn, Mmarekani wa mambo ya matangazo, miaka ya 1940 na 1950, akisema kundi linatoa mawazo mengi kuliko mtu mmoja mmoja. Mwaka 1958 watu wa Chuo Kikuu cha Yale wakapima, wakachukua makundi ya watu wanne wanne, na upande wa pili watu wanne kila mmoja kivyake halafu wakajumlisha mawazo yao, wale wa kivyake wakatoa karibu mara mbili. Sababu moja ni ya kawaida kabisa: kwenye kundi anaongea mtu mmoja kwa wakati, wewe unayesubiri zamu ama unasahau la kwako ama unasikia la mwenzako unaona la kwako la kijinga.

Basi tukarudi mtandaoni, safari hii kwa masharti. Ubao usioonyesha majina. Swali limetumwa siku mbili kabla, na si kwa Kiingereza cha mteja, nimelisema kwa Kiswahili kwa voisi noti ya dakika moja, maana nimegundua ukiwauliza watu kwa Kizungu wanakuletea mawazo ya kwenye semina, ukiwauliza kwa Kiswahili wanakuletea mambo ya nyumbani kwao. Kila mtu aandike mawazo matano peke yake, hakuna kikao, hakuna kamera. Asiyefungua ubao anitumie WhatsApp namuandikia mimi. Na mzee nilimwomba kwa adabu zote, mkuu, wewe bandika wa mwisho.

Yalikuja mawazo zaidi ya thelathini. Tukapiga kura, na lililoongoza kwa kura nyingi kuliko yote lilikuwa "tuongezewe nauli". Mpaka leo aliyeandika hajulikani, ingawa mi namhisi mtu wa panton. Lakini chini yake lilikuwepo lile la mkaa wa kopo, na la mzee lilipata kura sifuri, akacheka mwenyewe bila sisi kujua ni lake, akaja kutuambia wiki iliyofuata. Kampeni ikageuka ikawa ya kuweka akiba kidogo kidogo ya gesi kila siku, sauti zote zikawa za mama lishe, na daktari na zimamoto tukawaacha wapumzike.

Sasa hapo unaweza ukasema basi mtandao umeshinda. Subiri.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilipata hitilafu, EASSy na Seacom, intaneti Afrika Mashariki nzima ikawa ya kubahatisha, huku Bongo ndo kabisa. Na sisi Jumatatu yake tulikuwa na kikao cha mtandaoni na mteja. Ubao haufunguki, Zoom haiunganishi, tumepigiana simu za kawaida kama mwaka 2005, mwisho tukasema tulioko Dar tukutane tu, tukaangukia kijiwe cha kahawa kimoja Sinza. Tumekaa kwenye benchi, kashata na kahawa chungu, mawazo tulishayaandika kila mtu kwenye daftari lake kwa sababu swali lilishatumwa tangu Ijumaa. Ile siku ilikuwa moto. Mmoja anasoma la kwake, mwingine anamdaka katikati, anayecheka anacheka, mzee mmoja wa kijiweni wala hatumjui kaingilia kati katupa mstari ambao tuliuweka redioni ulivyo. Lile la kudakiana, la mtu kuinua nyusi ukajua hapa pana kitu, mtandaoni sijawahi kuliona. Kwenye Zoom ukiongea kuna sekunde mbili za kimya halafu watu watatu wanasema kwa pamoja "samahani endelea".

Na hili nalo limepimwa. Mwaka 2022 jarida la Nature lilitoa utafiti wa Brucks na Levav, waliwaweka watu wawili wawili, wengine chumba kimoja wengine kwa video, wakawapa vitu kama kile kisahani cha kurusha wakasema buni matumizi yake. Wa chumba kimoja walitoa mawazo mengi zaidi, na walirudia kwa mainjinia wa kampuni ya mawasiliano kwenye nchi tano ikawa vilevile. Maelezo yao ni macho, mtu wa video anakodolea skrini, na macho yakibanwa akili nayo inabanwa, wa chumbani anaangaliaangalia huku na huku na mawazo yanatanga naye. Ila kwenye kuchagua lipi ni zuri, watu wa video hawakuwa nyuma.

Ukichanganya hayo na foleni ya Dar ndo nikapata mpango ninaomwambia shosti wangu wa Sinza. Kuandika, kila mtu kwake, bila majina, bila Zoom. Kuyakoroga, mkutane, lakini saa nne siyo saa mbili, foleni ikishapungua, na siyo Ijumaa mchana watu wana swala, na mkutane mkiwa na vikaratasi tayari siyo mnaanza kukuna vichwa. Nauli toa wewe. Kuchagua, rudini mtandaoni, hata poli ya WhatsApp inatosha, hamna haja ya kumvusha mtu panton aje kunyoosha mkono.

Hizo mbao nzito mi siku hizi nazitumia kwa wateja wa nje tu, sisi kwa sisi tuna fomu ya Google ambayo hata simu ya kioo kilichopasuka inafungua. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, watu wanalalamika, mi naona ni baraka, kikao cha zaidi ya hapo kimeshakuwa hotuba. Mkikutana, mtu mmoja akae na jukumu la kuchapa yaliyosemwa siku hiyohiyo, picha ya ubao mweupe ikikaa kwenye simu wiki mbili hamna atakayejua "mama + ndoo???" ilimaanisha nini.

Kitu kimoja tu naomba usifanye kabisa, kuchanganya. Sita mko mezani na mmoja yuko kwenye laptopu iliyowekwa pembeni ya birika la chai. Mwenzetu wa Arusha tulimfanyia hivyo miezi mingi, anatusikia tunacheka hajui tunachekea nini, akiongea sauti inatokea kama kisimani, mwisho akawa anajibu "sawa" kwa kila kitu. Ama wote mtandaoni, hata kama sita mko jengo moja kila mtu na simu yake kona yake, ama wa mbali mumchangie basi aje mara moja kwa miezi mitatu. Sisi tumemchangia. Ukitaka kujua tunavyochanga, tunatumia mtindo wa kamati ya harusi, jina lako na kiasi kwenye grupu, asiyetoa anajulikana, na cha ajabu hapo ndo utakuta grupu limechangamka.

Jumamosi hii tunakutana Kigamboni, zamu ya mtu wa panton kupumzika, kaahidi pweza. Fomu imeshatumwa, imebaki ya mzee peke yake, amenipigia mchana huu kuuliza kama sasa anaruhusiwa kubandika.